Kioo Kilichoonyesha Alhamisi

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninapokuona umeinamia kompyuta yako unajichekea mwenyewe. Nilikuwa na umri kama wako, sijaolewa, nimeajiriwa kwenye duka la steshenari karibu na stendi ya Lindi. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuwafungulia watu mtandao. Nilijua pia kutengeneza kurasa za mtandao, na wakati ule mjini kwetu wajuzi wa kazi hiyo tulikuwa wa kuhesabika. Usinione leo na mvi zangu. Nilikuwa na maringo kukushinda wewe.

Madaktari wa macho waliokuwa wakizunguka mkoani walinipa kibarua cha kuwawekea ratiba yao mtandaoni, watafika wapi na lini. Watu wakawa wanaingia dukani kuisoma. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Mbonde, mstaafu, mwenyeji wa Tingi, aliyekuja kukaa kwa binti yake pale mjini kuwangojea hao madaktari. Mtoto wa jicho alikuwa amemshika macho yote mawili.

Siku ya kwanza nilimsomea ratiba kwa sauti, nikidhani nafanya wema. Duka zima likageuka kumtazama. Akasema, "Ahsante, binti yangu. Lakini mimi nimefundisha watoto wa watu kusoma miaka yangu yote. Huna namna ya kunisaidia nisome mwenyewe?"

Maneno yale yaliniingia. Nikaamua kumtengenezea kioo cha kukuzia ndani ya ukurasa wenyewe: duara dogo linalofuata kipanya, na kila linapopita, maandishi yanaonekana makubwa mara tatu. Njia yake iliyonyooka ni kuyakuza maneno yenyewe ya ukurasa, yale yale, ili yakibadilika na kioo kibadilike. Njia hiyo ikanisumbua. Nikiliweka duara juu ya mstari huu, linaonyesha mstari wa jirani. Basi nikakata kona. Nikaupiga picha ukurasa mzima, nikaikuza ile picha, nikaificha nyuma, duara likawa tundu la kuichungulia. Kwa kutazama tu usingejua tofauti.

Mwalimu alipokijaribu, alisoma mstari mmoja mpaka mwisho, halafu akaurudia. Akavua kofia, akaniombea dua pale pale mbele ya wateja. Mwenye duka naye akanisifu. Na unajua wanavyosema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikukigusa tena kile kioo, ila kukionyesha kwa kila aliyeingia, hata wenye macho mazima waliokuja kununua bahasha.

Baada ya kama wiki mbili madaktari wakanipigia simu. Hawaji tena Alhamisi, wanakuja Jumanne ya wiki hiyo hiyo, watafanya kazi siku moja na kuendelea na safari. Nikaibadilisha ratiba kwa mkono wangu, Alhamisi nikaifuta, Jumanne nikaiandika. Ile picha iliyofichwa nyuma ya kioo sikuikumbuka. Sikuikumbuka kabisa, mwanangu, na hapo ndipo penye aibu yangu.

Jumatatu Mwalimu akaja. Nilimwona amekaa, anasogeza kipanya polepole, midomo inacheza. Moyo ukajaa furaha, nikaendelea na fotokopi zangu. Neno moja tu, "Mwalimu, umeona ni kesho?" lingetosha. Nilijiambia kumwuliza ni kumdharau. Kusema kweli, nilitaka kuendelea kujisifia kimoyomoyo.

Jioni ile jirani akamwambia binti wa Mwalimu kwamba madaktari ni kesho. Mwalimu akakataa katakata. "Nimesoma mwenyewe," alisema. "Kwa macho yangu." Nani atabishana na mwalimu juu ya kusoma?

Alhamisi asubuhi akafika mahali pa matibabu na kanzu iliyopigwa pasi, ameshikwa mkono na binti yake. Wakamkuta mfagizi peke yake. Kutoka pale wakaja moja kwa moja dukani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu nisomee ratiba, binti yangu. Kwa sauti."

Nikasoma. Nilipofika kwenye Jumanne, nikaikumbuka ile picha. Nikashika kipanya, nikalileta duara juu ya neno lile. Ndani ya kioo imeandikwa Alhamisi, kubwa, nyeusi, safi kabisa.

Nikaanza kulia na kujieleza, mara picha, mara nilisahau. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Kumbe mwenye macho ulimpa habari ya leo. Mimi nisiyeona ukanipa ya juzi, ukaikuza." Hakupandisha sauti. "Sikukuomba maandishi makubwa, mwanangu. Nilikuomba nisome wanachosoma wenzangu."

Ningependa kukuambia kwamba madaktari walirudi upesi. Hawakurudi mpaka baada ya Idi. Mwezi mzima wa Ramadhani, mzee yule aliyezoea kuikhitimisha Kurani kila mwaka alikaa na msahafu uliofungwa, akisoma sura alizozihifadhi, zikiisha anaanza upya. Binti yake ndiye aliyenisimulia. Niliona haya hata kupita mtaa wao.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikifuta kile kioo, nikakiunda upya kwa maneno yenyewe ya ukurasa, na ule mstari wa jirani nikapambana nao mpaka ukanyooka. Ikawa kila asubuhi nabadilisha neno moja kwenye ratiba, nalitazama kupitia duara, ndipo nawafungulia watu mlango. Mwalimu alitibiwa, Mungu akamjaalia kuona, na alinisamehe kabla sijamaliza kumwomba. Msamaha wake niliupokea. Ule mwezi wake sikuwa na uwezo wa kumrudishia.

Mwanangu, watu husema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nakuambia tazama, kwa sababu unayo. Ukimtengenezea kitu aliyepungukiwa, mpe kile kile wanachopata wenzake, na saa ile ile wanayopata. Kukagua kazi yako hawezi, angeweza, asingekuhitaji. Akishakuamini, atakufuata wewe na kumkatalia jirani anayemwambia kweli, kwa hiyo imani yake ni mzigo wako. Na ukimaliza kazi usikae mbali ukijisifu. Msogelee, umwulize ameona nini. Kuuliza si kumdharau mtu.

Mungu aibariki mikono yako na akili yako. Na siku macho yako yatakapochoka, kama yangu yanavyochoka sasa, akujaalie mtu wa kukuonyesha neno lenyewe. Amina.