Upepo Usioandikwa Kwenye Daftari

Papa Damien analinda mlango wa ofisi moja ya Randburg, Afrika Kusini, ya kampuni kutoka Denmark inayojenga mitambo ya umeme wa upepo. Kazi yake ni daftari. Hata mkurugenzi akija, lazima aandike jina, anakotoka na saa ya kufika. Mtu akinung'unika, Papa Damien humjibu, "Usipoandikwa, hukufika."

Ukutani, mbele ya kiti chake, kuna ramani ya upepo wa Afrika. Afrika Kusini imepakwa nyekundu, maana upepo wake ni mkali. Kwao Uvira, Kongo, ni kijivu kitupu. Miaka minne ameitazama rangi hiyo kwa hasira, kwa sababu upepo wa Uvira uliezua paa la kanisa lao mara mbili, na mara ya pili yeye mwenyewe alikuwa ndani.

Juzi uvumilivu ukamwishia. Mhandisi Mette alipoinama kuandika jina, akamwuliza, "Madame, kwetu hakuna upepo?"

Mette akaigeukia ramani. "Kijivu maana yake hatujaenda kupima."

Papa Damien akalivuta daftari lake, akaandika kwa herufi kubwa: Upepo. Anakotoka: Uvira. Saa ya kufika: kabla yenu.