Kit tatu za ndege, bakuli moja la maji: nilivyoyaponda makampuni bure hapa Mafia

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ndiye yule niliyeandika humu kwamba watengenezaji wa kit za ndege ni matapeli watupu. Leo nimekuja kujisahihisha, na nitaeleza hata pale nilipojiaibisha.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa bara, nafanya kazi ofisini uwanja wa ndege wa hapa Mafia. Hobby yangu ni kuunda ndege ndogo za plastiki kutoka kwenye kit, yale maboksi ya vipande vya kuunganisha.

Mzee Shomari alikuwa anastaafu. Huyu ndiye aliyekuwa akizipokea ndege, kuzielekeza pa kuegesha na kuwazuia watu wasizisogelee mapema, tangu wageni wa hifadhi ya bahari walipoanza kuja kwa wingi. Ofisi ikaamua zawadi yake iwe mfano wa ndege ile aliyoipokea miaka yote, na niiunde mimi. Nikakubali kwa mbwembwe.

Nikaagiza kit tatu kupitia Dar. Ndege ile ile, viwanda vitatu tofauti, ili nichague itakayotoka bora.

Ya Kijapani: vipande vinakaa vyenyewe. Bawa liliingia mahali pake, gundi nikapaka kutimiza wajibu tu.

Ya Kichina: vipande vidogo mno. Kiti cha rubani peke yake vipande saba, ukipiga chafya umepoteza mkanda. Ila dashibodi, mkuu, unasoma saa zake.

Ya Ulaya: hapo niliteseka. Plastiki imefura pembeni kama maandazi, bawa moja linaangalia kisiwa cha Juani, jingine cha Shungimbili. Siku tatu za msasa na puti.

Rangi zikakubali zote. Zikabaki stika za herufi za usajili, zile unazoloweka kisha unazitelezesha kwenye bawa. Nikaanza na ya Ulaya. Ilipokauka, utando mweupe umeifunika yote. Ya Kichina, vile vile.

Ndipo nilipokuja humu kutukana viwanda vya watu.

Sherehe ilikuwa kesho yake. Nimebaki na ndege moja na seti moja ya stika, na nilikuwa naogopa kweli. Yule mzee angeagwa kwa kitu chenye ukoko.

Nimekaa barazani nimenuna, akapita jirani yangu Bi Mwanahawa, mzaliwa wa hapa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umejikunyata hivyo?"

Nikamwonyesha. Akalitazama bawa, akalitazama bakuli langu.

"Haya si maji ya kisima chetu?"

"Ndiyo."

"Baba, kisima kile kina chumvi. Kanzu ya Ijumaa hatuifulii maji yale, hukauka na madoa. Twangoja ya mvua."

Miaka minne nayaoga maji yale, ngozi inakakamaa, na sijawahi kujiuliza kwa nini. Elimu yote ile.

Akaniletea kikombe cha maji ya mvua kutoka kwenye pipa lake. Nikabandika stika za Kijapani huku naomba Mungu. Zikakauka safi, hata alama hakuna.

Kesho yake ndege ikawekwa mezani mbele ya Mzee Shomari. Akazipitia herufi moja moja kwa kidole.

Watu wakaanza kusogea na simu zao wapige picha. Mzee akanyoosha mkono kuwazuia.

"Ngojeni kwanza. Injini haijazimwa."

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye alikuwa anafuta machozi, na mkono hakuushusha mpaka wote waliporudi nyuma.

Wakuu, nilitoka pale kifua mbele.

Msimamo wangu: Kijapani kwanza, Kichina pili, Ulaya kwa mwenye subira ya Ayubu. Stika zao zote hazina kosa, nawaomba radhi. Kabla hujamlaumu fundi aliye ng'ambo, muulize jirani anafulia maji gani.

Mlioko Lindi, Tanga na Unguja, nyie mnalowekea nini? Na wenye kunicheka kwa ule uzi wa kwanza, uwanja ni wenu.