Mchochea Tanuri na Siku ya Kipimo

"Umeniua mara saba, shemeji. Mara saba, na ya nane umemwua tena marehemu hukohuko kaburini. Tangu dunia iumbwe, hakuna aliyewahi kufilisi watu kwa kuwasha moto vizuri. Wewe ndiye wa kwanza."

Hayo aliyasema mama mwenye tanuri la mkate, unga umempanda mpaka viwikoni. Sisi wa foleni ya mkate tukatazama chini kama watu wanaosubiri sindano. Aliyekuwa anasemwa, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amechuchumaa mbele ya tanuri anapanga kuni, utadhani ugomvi ni wa nyumba ya pili.

Tunamwita Fundi Moto. Hana nyusi. Ziliungua zamani, zikakata tamaa ya kuota. Nimemjua miaka ishirini, na sijawahi kumsikia akijisifia kitu kingine zaidi ya moto wake.

Kabla yake mchochea tanuri alikuwa kaka yake, mwenye tanuri mwenyewe. Yule alichoma chochote kilichoshika moto: mbao za rangi, ndoo zilizopasuka, viatu vilivyochoka. Mkate ulitoka mzuri, yeye akatoka na kikohozi. Miaka miwili alikohoa, mpaka majirani wakazoea, siku kikohozi kikikosekana wanauliza kulikoni. Halafu kikakosekana moja kwa moja.

Mdogo mtu akashika koleo. Kuni zake alizipasua nyembamba, akazianika juani miezi mitatu, na mbao yenye rangi hakuigusa. Ukipita nje ukatazama bomba la tanuri, ungedhani leo hawaoki.

"Fundi, tumelala njaa?" tulikuwa tunamtania.

"Ukiona moshi," anakujibu, "ujue kuna kuni umezinunua na hazijakuokea kitu." Na anacheka peke yake.

Basi manispaa ikatoa tangazo. Ukianza mwaka mpya, tanuri la kuni marufuku mjini, hewa imechafuka. Hilo hakuna aliyelibishia, sote tuna vifua. Wakaongeza kwamba wenye matanuri yanayotoa moshi mwingi kuliko yote watapewa ya gesi bure. Wengine wajinunulie. Tanuri la gesi bei yake unaweza kuoa, ukaoa tena. Siku ya kipimo ikatangazwa mapema, kila mtu ajiandae. Na watu wakajiandaa.

Mwokaji wa pale kona, Bonge, aliingiza tairi zima la lori. Siku hiyo nguo zote zilizoanikwa mtaani zilifuliwa upya. Mama naye alimwekea shemeji yake rundo la kuni mbichi, akamwambia, "Nusu saa tu, nifukizie." Fundi akaitika sawa.

Gogo la kwanza aliliingiza kweli. Moshi ukamrudi usoni, ukamshuka kifuani, akakohoa. Wakandaji unga wawili waliokuwepo wanasema alisimama pale na koleo mkononi kama mtu aliyeitwa jina. Kisha akalivuta lile gogo, akalitumbukiza kwenye pipa la maji, akawasha moto wake wa siku zote.

Mkaguzi akapanda ngazi na kifaa chake, akashuka, akapanda tena, akidhani kimeharibika. Mwishowe akampa Fundi mkono. Akasema mjini kote hajaona moto msafi kama ule. Kwenye fomu akaandika: hawahitaji msaada.

Mama akakata rufaa. Asubuhi hiyo ya ugomvi ndiyo barua ilikuwa imerudi. Ilisema manispaa inampongeza.

"Nilikuomba moshi wa nusu saa," akasema, barua imeshika unga.

"Nilijaribu, shemeji."

"Ulijaribu. Bonge kachoma tairi, leo anapigwa picha na wakubwa. Wewe umepewa mkono. Nikauoke huo mkono?"

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, akajuta.

Fundi akaweka kuni chini. "Ule moshi uliponiingia nilimsikia kaka. Nikashindwa."

Mama akaikunja barua. Akafuta mikono kwenye kanga, mkono mmoja, halafu mwingine, polepole.

"Ulimsikia siku moja," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, ya kutisha kuliko ile ya kwanza. "Mimi nilimsikia miaka miwili, mgongo kwa mgongo. Beseni la damu nilimwaga mimi. Usinifundishe kikohozi cha mume wangu. Lakini yeye na ule moshi wake mchafu wanawe walikula."

Fundi akainamisha kichwa.

"Wakandaji wawili wameshaondoka, wako kwa Bonge. Zimebaki siku tisa. Kule kwenye gesi hawahitaji mtu wa kuni, wanazungusha kitufe. Sasa niambie wewe, baba yao mdogo, maana mimi akili yangu imefika mwisho. Tanuri likishapoa, watoto wa kaka yako watakula nini?"

Akangoja. Na sisi tukangoja, mkate ukiwa bado haujatoka.

Fundi Moto akafunga mlango wa tanuri. Akachukua koti lake kwenye msumari, akalivaa mkono mmoja, wa pili ukamshinda akauacha. Akapita katikati ya foleni bila kumtazama mtu, akashika njia ya barabara kuu, wanakosimama wanaotafuta vibarua.