Matundu Kumi na Sita

Mimi ndiye niliyetoboa paa la gari lile, matundu kumi na sita, kabla sijafungua boksi la gundi. Nalisema mwenyewe, maana wapo wanaolisimulia vibaya.

Gari lenyewe waliliacha wahandisi wa kigeni waliokuja kujenga barabara. Lilikuwa gari la kutembelea na kulala humo humo: vitanda viwili, jiko, sinki, mapazia ya maua. Serikali ikaligeuza kliniki ya kuzungukia vijiji vya ujamaa, hadi kule mto Ruvuma unakoingia baharini. Tatizo lilikuwa friji ya chanjo. Miaka ile mafuta yalitolewa kwa kibali, na jenereta haijui kibali. Ndipo zikaja paneli nne za umeme wa jua, za msaada. Nami, mwanamke pekee kati ya mafundi umeme wa karakana ya serikali pale Mtwara, nikapewa kazi ya kuzifunga juu ya paa.

Kiherehere changu! Nilipima, nikatoboa matundu yote asubuhi moja, nikajipongeza. Kisha nikafungua boksi la gundi ya kuzuia maji. Ilikuwa imekauka humo humo, ngumu kama makopa ya muhogo.

Mkuu wa karakana, mtu wa Kilimanjaro asiyependa kupaza sauti, alilitazama paa, akayatazama mawingu. "Binti, nitaandika barua Dar es Salaam walete nyingine. Itachukua miezi."

Muuguzi aliyekuwa aondoke na gari Jumatatu aliendelea kuhesabu sindano zake, na hilo ndilo lililoniuma. Mwaka uliotangulia surua ilikuwa imezoa watoto katika vijiji vile, naye alikuwepo.

Nikaenda Shangani, huko huko Mtwara, kwa baba. Kazi yake ilikuwa kuziba mashua zinazovuja. Tangu nilipochagua nyaya badala ya kuolewa mapema, hakuwahi kuniuliza habari za kazi yangu hata siku moja. Nilimweleza yote, pamoja na ujinga wangu. Akakohoa, akachukua kikapu chake cha vifaa, tukaondoka.

Karakanani hakupanda juu. "Umetoboa mwenyewe, utaziba mwenyewe." Akavua ndara, akaingia ndani ya gari, akajinyoosha kwenye kitanda cha wazungu, macho darini.

Mimi huku juu nilikaza bolti za paneli, nikazungusha kwenye kila moja pamba iliyolowa sifa, yale mafuta ya maini ya papa, nikaishindilia kwa patasi na nyundo. Juu yake nikapaka chokaa iliyokandwa kwa mafuta, kama wanavyopaka mashua. Baba alikuwa akisikiliza kila pigo.

"Hapo bado. Sauti ya uwazi hiyo. Piga."

"Nimepiga, Baba."

"Piga mpaka nisilione jua."

Nilipiga hadi mikono ikafa ganzi. Tundu la kumi na moja alinifanya nilirudie mara tatu, na moyoni nilimsema vibaya, Mungu anisamehe.

Jumamosi mkuu alifungua mlango wa gari akarudi nyuma. "Gari la hospitali linanuka papa!" Akanigeukia. "Tone moja likifika kwenye betri za friji, wewe unahamia stoo kugawa misumari, na gari hili halitoki tena."

"Watoto wa kule hawajali harufu ya papa," alisema muuguzi, akaanza kupakia.

Waliondoka Jumatatu asubuhi. Adhuhuri mvua ikashuka, na haikupumzika siku nne. Kila bati la karakana lililolia nililiona linanisema mimi. Nilikuwa na hofu, sitaki kudanganya.

Ijumaa gari likarudi, tope hadi madirishani. Baba alikuwa amekwisha kufika getini, na hakuna aliyemwita. Muuguzi akafungua friji: bado baridi, na chupa zote za chanjo tupu. "Vijiji vyote," alisema. "Hatukuruka hata kimoja."

Mkuu aliingia ndani, akapitisha kiganja darini kote, juu ya betri pia, kisha akakitazama kiganja chake. Kikavu. Akatoka, akamwendea baba mkono mbele.

"Mzee, hii kazi nimeikubali. Hongera sana."

"Mimi?" Baba aliuangalia ule mkono bila kuupokea. "Mimi nililala tu kitandani, bwana. Fundi ni huyo hapo."

Mkuu akanipa mimi mkono, mbele ya karakana nzima. Nilisimama wima kama askari wa gwaride, na sioni haya kusema hivyo.

Jioni nilimsindikiza baba, nimembebea kikapu. Tulikuwa tumekwisha kuiacha barabara kubwa aliposimama kurekebisha ndara yake.

"Hebu niambie, mwanangu," akasema. "Huo umeme unatokaje juani?"

Nilimweleza njia nzima, hadi mlangoni kwake Shangani.