Sahani Iliyorudi na Unga wa Chai

"Kwani siku hizi kwenu mnanunua chai?"

Setsuyo aliuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni, sahani mkononi, sauti laini kama ya mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Huko Wazuka, kwenye vilima vya chai, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Huwekwa chenza, au biskuti, hata kiberiti kama hakuna kingine. Setsuyo alikuwa ameweka kipakiti cha unga wa chai ya kijani, wa shamba lake mwenyewe.

Yaani Chizuru, binti wa mzee Tamaki mkulima wa chai, aletewe unga wa chai.

"Nimeona huenda umewaishia, mwenzangu," Setsuyo akaendelea. "Ila brauni zako zilikuwa nzuri. Sukari ilikolea kabisa."

Chizuru aliinama akashukuru kama adabu inavyotaka. Alipofunga mlango alibaki pale pale panapovuliwa viatu, masikio yakimwaka moto.

Alizaliwa katika nyumba ile na hajawahi kuihama. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo Kunihiko alipomwoa Chizuru, mume ndiye aliyehamia kwa mke, akaacha jina la kwao na kuchukua la Tamaki. Mzee alimfundisha kila kitu kama mwanawe wa kumzaa: kuifunika michai kwa vitambaa vyeusi kabla ya mavuno ili majani yalainike na yakoze kijani, kuyachambua, kuyasaga polepole kwa jiwe yasipate joto. Mpaka leo mikebe yao imebandikwa jina la mzee, kwa mwandiko wake wa brashi. Chizuru naye alifunika, alichuma, alipika, na kila asubuhi alipiga kengele ndogo mbele ya madhabahu ya wazee wao, akaunganisha viganja na kuomba. Watu walimwita mpole. Wengine walidhani mpole haoni.

Kuoka brauni, zile keki nzito za kukatwa vipande, alifundishwa na bintiye Kanae. Unayeyusha siagi na chokoleti nyeupe, unatia mayai na sukari, kisha unachekecha unga wa ngano pamoja na ule wa chai, lisibaki donge hata moja. Mzee Tamaki, meno yakiwa yamemwisha, alizipenda kuliko vitafunio vyote vya kwao. Ndiyo maana kila mwaka, siku aliyofariki, Chizuru huoka trei nzima. Kipande cha kwanza humwekea baba yake madhabahuni kabla aliye hai hajaonja. Vinavyobaki huwapelekea majirani.

Mwaka huu zilitoka na rangi ya nyasi kavu. Alijilaumu mwenyewe. Oveni yake ndogo ina moto mkali kwa juu. Usipofunika keki kwa foili ikishaumuka, kijani kinaungua, naye hakumbuki kama alifunika. Akazigawa hivyo hivyo, akiomba radhi kila mlango.

Sasa alirudi jikoni na kile kipakiti. Akakoroga upya, akagawa mchanganyiko katika mabakuli mawili. Moja alilitia unga wa mkebe wa nyumbani, jingine wa Setsuyo. Akakunja foili ikawa ukuta katikati ya trei, akamimina huku na huku, na safari hii alihakikisha kwa macho yake mawili kwamba amefunika. Zilipoiva, upande wa Setsuyo ulikuwa kijani kama jani lililochumwa sasa hivi. Upande wa nyumbani ulikuwa tope.

Kunihiko aliingia kula chakula cha mchana, akapangusa mikono.

"Baba Kanae, onja hiki."

"Cha leo?"

"Wewe onja."

Alitafuna muda mrefu kuliko keki ilivyohitaji. "Moto haukuwa sawa," akasema.

"Oveni moja, trei moja. Mbona wa Setsuyo haukuungua?"

Kunihiko akatazama trei, akaketi.

"Yule mnunuzi wa mjini alitaka unga wote, akabeba mpaka wa akiba. Sasa ile meza yetu ya kuuzia wageni hapo nje ningeweka nini, mawe? Nikanunua kwa mchuuzi. Ni majani ya mwisho wa msimu, lakini ni chai, si sumu. Wageni wenyewe wanatia kwenye maziwa na sukari."

"Ukautia kwenye mikebe ya baba."

"Mikebe mingine tunayo?"

"Na huu wa jikoni kwangu?"

"Nilidhani ni wa kuokea tu. Kitu kikishaokwa, Mama Kanae, nani anajua?"

"Setsuyo amejua."

"Setsuyo ana mdomo tangu azaliwe."

"Nimempa baba," Chizuru akasema. "Nimemwekea unga wa mchuuzi, nikampigia kengele aje ale. Mtu aliyekupa jina lake."

"Usipandishe sauti, majirani watasikia."

Hakuwa amepandisha sauti.

"Nitautoa wote kimya kimya," Kunihiko akabembeleza. "Setsuyo akiuliza tena, mwambie oveni imeharibika. Basi, yataisha."

Hapo Chizuru aliyakumbuka yote. Mashamba aliyofunika mvua ikimnyeshea, milango aliyoomba radhi kwa kosa lisilo lake, na bado mwongo huyu anataka uongo nao ubebwe na mikono yake. Alikwenda penye mlango akamgeuzia viatu vyake vikatazama nje, tayari kuvaliwa.

"Chakula utakikuta," akasema. "Naomba uende kwa Setsuyo sasa hivi, kisha kila nyumba niliyopeleka, uwaambie kwa kinywa chako kwamba unga ule uliununua wewe. Ukirudi, naomba ubandue jina la baba yangu kwenye mikebe yote."