Mashine ya Mikebe na Mshipi Wangu

Mpaka leo nikisikia mkebe ukipondwa mahali, mkono wangu unaenda wenyewe kushika suruali. Chekeni tu, mimi nilishazoea.

Nilikuwa fundi wa kuchomelea pale Laini Saba, miaka ya tisini, na nilikuwa nataka kuoa Rose. Mamake alikuwa ananunua mikebe na vyuma kuukuu kule Gatina, na alisema wazi kwamba msichana wake haendi kwa mtu ambaye kazi yake hajaiona na macho. Sawa, ataona. Mikebe ilikuwa inamsumbua, gunia linajaa haraka na bado ni jepesi, kwa hivyo nikamtengenezea mashine ya kuiponda kwa mkono: bomba refu la kuvuta chini, na upande wa pili jiwe limening'inizwa kwa kipande cha tube ya baiskeli, la kurudisha bomba juu. (Mashine ilikuwa safi, hapo hakuna mtu ataniambia kitu.)

Siku ya kuipeleka nikaona haifai kwenda kwa wakwe na ovaroli ya grisi, nikaazima suruali ya jirani yangu Wafula, mtu wa tumbo lake, nikaikaza na mshipi.

Kufika, mama ameketi na mashangazi, wateja wamesimama na magunia. Kuvuta mara moja tu, tube ikakatika, jiwe chini, puu! Mtu mwenye akili angeomba kamba, lakini mimi nilitaka kuonekana fundi wa haraka, nikafungua mshipi, nikaning'iniza jiwe nao, suruali nikaishika na mkono wa kushoto.

Ikafanya kazi! Mkebe wa kwanza, chapati. Wa pili, chapati. Rose anatabasamu, mama akasimama, akaleta mkebe mkubwa wa rangi.

"Na huu, kijana?"

"Huo ni kitu kidogo, Mama," nikasema (mdomo wangu huu!).

Mkono mmoja ukakataa. Nikashika bomba na yote miwili, nikavuta na nguvu zangu zote, na mkebe ukalala kweli, lakini suruali ya Wafula nayo ikashuka mpaka kwa viatu, na ile ya ndani ilikuwa na madirisha. Na kwetu Waluhya mkwe na mama ya bibi hata mkono hawapeani, sasa fikirieni.

"Woi! Nimeona nini mimi!" Mama akajifunika uso na leso. "Mtoeni hapa!"

"Mashine ni poa," mteja mmoja akasema, "shida ni fundi."

Kesho yake Rose akanifuata Laini Saba, macho mekundu.

"Mama amesema mashine ibaki. Wewe ndio hapana."

Nikauliza, kama mjinga, "Na mshipi?"

"Nao ubaki, si ndio umeshika jiwe."

Nilimpenda huyo msichana, na iliniuma sana. Aliolewa na mwingine, na mashine ikaponda mikebe miaka mingi, nikipita Gatina naisikia. Siku hizi nikialikwa kwa watu naenda na ovaroli yangu, grisi na yote. Hiyo haitaki mshipi.