Urithi wa Klasi na Binti wa Maman Nabintu

Siku yangu ya kwanza kazini Bukavu, Papa Directeur, mkuu wa shirika letu, alinionyesha kompyuta moja na marundo ya fishi, kadi za karatasi zenye majina ya watu. "Maman Furaha, watu wanapotezana mu vita," akasema. "Tutengenezee site ya kuwatafuta. Mwenzako wa informatiki alikimbia. Utafanya peke yako."

Upweke niliuzoea, nilikuwa mjane, na mabinti zangu wameolewa mbali.

Nikaandika modeli, yaani maelezo ambayo programu ya tovuti huyageuza kuwa majedwali ya kuhifadhi habari. Klasi ya mzazi, yaani kiolezo ambacho vingine hurithi sehemu zake, niliiita Mtu: jina, umri, kijiji. Klasi mbili ziliirithi: Mkimbizi iliongeza kambi, Mgonjwa iliongeza hospitali. Lakini Mtu niliifanya dhahania: haikuwa na jedwali lake, sehemu zake zilinakiliwa tu katika majedwali ya watoto wake. Ilikuwa kazi nyepesi, nikajisifu.

Kisha akaja Maman Nabintu, mkulima wa Mwenga, akimtafuta binti yake Zawadi. Kwa kuwa Mtu haikuwa na jedwali, ukurasa wangu wa kutafuta ulisoma jedwali la wakimbizi tu.

"Haiko, maman," nikamwambia.

Alirudi mwezi uliofuata, na mwingine tena. Mara ya tatu, nilipomjibu vilevile, aliuliza polepole, "Ni kusema niache kumungojea?"

Alipoondoka nilifungua jedwali la wagonjwa. Zawadi alikuwemo tangu mwanzo, katika hospitali moja ya Kamanyola.

Nikakimbilia kwa Papa Directeur. "Kosa ni yangu."

"Tuma habari kwa parokia yao," akasema. "Kisha tengeneza. Kulia utalia nyuma, kazi ikiisha."

Nilimpa Mtu jedwali lake mwenyewe. Kila mkimbizi na kila mgonjwa sasa alikuwa na mstari humo, na jedwali la mtoto liliushika kwa namba yake. Yeyote aliyetafutwa, mkimbizi au mgonjwa, alitafutwa kwanza hapo.

Baada ya majuma mawili walikuja wote wawili, Zawadi akitembelea fimbo. "Ni huyu," mama yake akasema akimwonyesha binti, bila hasira. Nilishindwa kuinua macho.

Nimestaafu. Vijana wakinitembelea hulalamika kwamba jedwali la mzazi huchelewesha, kwa kuwa kila swali kwa mashine huunganisha majedwali mawili. Ni kweli. Kama klasi zinafanana umbo tu, ninawaambia, dhahania inatosha. Kama utawatafuta wote pamoja, mpe mzazi jedwali.

Wakishaenda, namkumbuka Maman Nabintu. Mara tatu nilimwambia mama yule kwamba binti yake hayupo, na mtoto alikuwa mbele yangu, ndani ya mashine niliyoitengeneza kwa mikono yangu.